Kiinua Mgongo cha Afisa na Mshahara wa Askari



Tarehe 1 Julai 1962 bendera ya Ubelgiji iliteremshwa mjini Usumbura, mji ambao tangu hapo huitwa Bujumbura, na bendera ya Burundi ikapandishwa mahali pake. Mambo makubwa yaliyotangulia siku ile yamesimuliwa mara nyingi: ushindi wa chama cha UPRONA katika uchaguzi wa Septemba 1961, kisha msiba wa tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo, alipouawa Mwanamfalme Louis Rwagasore. Yaliyosimuliwa mara chache ni mambo ya makaratasi na fedha. Serikali moja ilikuwa inaondoka na nyingine inaingia, na kila serikali huwa na watu iliowaandika kazi. Hakimu, karani, mganga wa mifugo, kamishna wa polisi, koplo wa zamu ya lindo: kila mmoja wao ameahidiwa kitu na dola kwa kazi yake. Dola hiyo ikikunja bendera na kwenda zake, ahadi ile inabaki mikononi mwa nani? Nani atalipwa, na kwa mfuko wa nani?

Swali hilo halina jibu moja. Waingereza walilijibu kwa namna yao, Wabelgiji kwa namna yao, nao Wajerumani waliokuwa hapa kabla yao hawakupewa hata nafasi ya kulijibu. Lakini majibu yote hayo yana tabia moja inayofanana, nayo inawahusu sana watu wa silaha. Afisa aliyetoka ng'ambo alikuwa na sheria iliyoandikwa, yenye jina lake, cheo chake na umri wake. Askari mwenyeji alikuwa na heshima ya kupiga saluti bendera zote mbili.

Burundi imejua kubadilishiwa dola zaidi ya mara moja. Mwaka 1903, kwa mapatano ya Kiganda, Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kuukubali utawala wa Kijerumani. Vita vilipoanza mwaka 1914, Kombania ya 9 ya jeshi la ulinzi la Wajerumani ilikuwa na kambi yake Usumbura. Tarehe 6 Juni 1916 brigedi ya kusini ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ikiongozwa na Olsen, Mdenmarki aliyekuwa akiitumikia Ubelgiji, iliingia Usumbura. Siku kumi na moja baadaye ikaingia Kitega, na mwezi Septemba Tabora ikaanguka. Walioingia na walioondoka walikuwa Waafrika kwa wingi wao, wakipigana chini ya maafisa wa Kizungu kwa ajili ya nchi ambazo hawakupata kuziona.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulipoiondolea Ujerumani makoloni yake, ulieleza kwa makini mambo ya mali. Ibara ya 119 iliitaka Ujerumani iachilie haki zake zote za ng'ambo. Ibara ya 120 ilisema mali zote za dola ya Ujerumani katika nchi hizo, zinazohamishika na zisizohamishika, zitakwenda kwa serikali itakayozitawala. Na ibara ya 257 ilisema kwamba nchi hizo, pamoja na dola zitakazokabidhiwa kuziangalia, hazitabeba sehemu yoyote ya deni la Ujerumani. Kwa lugha ya kawaida: nyumba, boma, reli na ghala zilihamia kwa mshindi, deni lilibaki kwa aliyeshindwa. Na katika deni hilo mlikuwamo mshahara wa askari.

Afisa wa Kijerumani aliyekuwa amefanya kazi Kitega au Dar es Salaam hakupotea katika hesabu hiyo. Tangu mwaka 1910 palikuwapo sheria ya Ujerumani ya watumishi wa makoloni. Alikuwa mtumishi wa dola ya Berlin, na madai yake aliweza kuyapeleka Berlin, kwa lugha yake, katika ofisi anazozijua. Askari je? Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia. Alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi wengi kuliko hao. Watu hao hawakuwa wamelipwa kwa muda mrefu, na fedha za kuwalipa hazikuwapo. Walipewa vyeti vya kuonyesha kiasi wanachodai, wakarudi makwao, na makwao sasa palikuwa chini ya Mwingereza, Mbelgiji au Mreno.

Mwaka 1964, ambao ndio mwaka aliofariki jenerali huyo, Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Miaka 46 ilikuwa imepita. Husimuliwa kwamba malipo yalipofanyika Mwanza, wazee wengi walijitokeza na wachache tu walikuwa bado na karatasi zao. Basi kila mzee akapewa fimbo ya ufagio mkononi na kuamriwa kwata kwa Kijerumani, na wote wakaitimiza. Wengine hukisimulia kisa hiki kama kichekesho, na wengine kama sifa ya nidhamu ya askari wa zamani. Kila aliyewahi kusimama kwenye mstari wa mshahara hataona cha kuchekesha sana hapo. Mtu aliyetumikia dola kwa bunduki alitakiwa, katika uzee wake, kuthibitisha kwa ufagio kwamba aliitumikia. Hapana afisa wa kikoloni aliyetakiwa kufanya hivyo ili apate pensheni yake.

Wazo la kuwalipa fidia watumishi wakati utawala unapobadilika lilipata sura yake ya kisheria karibu wakati ule ule, katika nchi ya Ireland. Mkataba wa tarehe 6 Desemba 1921 kati ya Uingereza na wapigania uhuru wa Ireland ulikuwa mfupi, lakini ibara yake ya 10 yote ilihusu jambo hili. Serikali mpya ya Ireland ilikubali kuwalipa fidia ya haki mahakimu, maafisa, polisi na watumishi wengine itakaowaachisha kazi, na pia wale watakaostaafu wenyewe kwa sababu ya mabadiliko ya utawala. Walibaguliwa polisi wasaidizi, pamoja na watu walioandikwa Uingereza kuingia polisi ya Ireland katika miaka miwili iliyotangulia mkataba. Hao Uingereza ilichukua jukumu la kuwalipa yenyewe. Maana yake ilikuwa wazi. Polisi aliyekuwa mtumishi wa nchi kwa siku zote, hata kama alimtumikia bwana wa zamani, nchi itamlipa. Polisi aliyeletwa dakika ya mwisho kuja kuwavunja wananchi, aliyemleta ndiye amlipe.

Ibara hiyo ingefaa kuigwa neno kwa neno katika Afrika. Haikuigwa.

Kwa India mwaka 1947 viongozi wa nchi hiyo walikubali kubeba pensheni ambazo watumishi wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuzifanyia kazi, lakini walikataa kubeba fidia ya kukatizwa kazi, na mzigo huo ukabaki kwa hazina ya London. India ilikuwa kubwa na iliweza kusema hapana. Sudan haikuwa hivyo. Kati ya mwaka 1954 na 1955 maafisa wa Kiingereza waliondolewa huko kwa haraka, wakalipwa fidia, na nafasi zao wakapewa Wasudani. Zilikuwa nafasi 800 hivi. Watu wa kusini mwa nchi hiyo walipata 6 tu, tena za vyeo vya chini. Tarehe 18 Agosti 1955 kikosi cha askari wa kusini kiliasi huko Torit, na vita vilivyotokana na uasi huo vikaendelea hadi mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972. Si kwamba fidia ya Waingereza ndiyo iliyoleta vita. Lakini inafaa kutazama nini kilichoshughulikiwa kwa kalamu na nini kilichoachwa: hesabu ya anayeondoka ilikamilika kabla ya siku yake, na hesabu ya askari anayebaki haikuanzwa.

Tuje sasa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1954 serikali ya Uingereza iliwakusanya watumishi wake wa makoloni katika utumishi mmoja wenye jina la Malkia, ili wajue kwamba London haitawatupa koloni litakapopata uhuru. Kutokana na hapo zikatungwa, nchi kwa nchi, taratibu za fidia. Mpango wake ulikuwa wa akili. Kijana wa miaka 25 alipata kidogo, kwa kuwa angeweza kuanza kazi nyingine. Mzee wa miaka 54 naye alipata kidogo, maana pensheni yake ilikuwa mlangoni. Aliyepata nyingi zaidi alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu: amekwisha kupita umri wa kuanza upya, watoto wako shuleni, na bado hajaifikia pensheni. Kiasi kilikadiriwa kwa mshahara wake, umri wake na miaka ya utumishi wake. Mara nyingi fedha hizo zilitolewa kwa mafungu, ili afisa asichukue zote na kupanda meli siku ya pili.

Hoja ya maafisa hao haikuwa ya upuuzi, na si haki kuipuuza. Waliandikwa kazi na Waziri wa Makoloni wa Uingereza, wakaahidiwa kazi ya maisha. Sasa waliambiwa kwamba bwana wao amebadilika bila wao kuulizwa. Wapo miongoni mwao waliochimba visima, waliopima ardhi na kufundisha makarani. Mtu aliyeahidiwa kazi ya maisha akakatizwa njiani anastahili kitu.

Kosa lilikuwa katika hati ya malipo ilikopelekwa. Kwa mpango uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 1960 Uingereza ilikubali kubeba nyongeza za mishahara za maafisa watakaobaki, pamoja na nusu ya gharama ya fidia. Nusu ya pili ilikuwa juu ya nchi inayopata uhuru. Tanganyika, iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilikuwa nchi ya wakulima wa pamba, kahawa na mkonge, yenye madaktari wenyeji wa kuhesabika na barabara chache za lami. Na nchi hiyo ilitakiwa, katika bajeti zake za kwanza kabisa, kutenga fedha za kuwalipa watu kwa sababu wanaondoka. Kwa kuwa haikuwa nazo, ilizikopa, tena kwa Uingereza ile ile. Mkulima wa Usukuma aliyelipa kodi kwa bwana shauri kwa miaka ishirini akawa sasa anadaiwa kiinua mgongo cha bwana shauri, pamoja na riba.

Palikuwa pia na pensheni. Mwaka 1968 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba haitaendelea kulipa pensheni za maafisa wa Kiingereza kwa miaka waliyotumika kabla ya uhuru. Ilisema miaka ile walimtumikia Mwingereza, basi Mwingereza awalipe. London ilikasirika na kupunguza misaada yake, lakini wazee wale haikuwaacha wafe njaa: iliwalipa yenyewe. Na mwaka 1973 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyoiwezesha serikali yake kuzichukua pensheni za namna hiyo kutoka nchi nyingine pia. Jambo lililoitwa ukorofi mwaka 1968 likawa sheria ya Uingereza baada ya miaka mitano. Yaelekea hoja ya Dar es Salaam haikuwa mbaya kama ilivyosemwa.

Wabelgiji walifuata njia nyingine, na njia hiyo ndiyo iliyoigusa Burundi. Kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 Ruanda-Urundi, ingawa ilikuwa chini ya uangalizi wa Shirika la Mataifa, iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Tangu hapo mtumishi wa Kibelgiji aliyekuwa Kitega alikuwa wa kundi moja na mwenzake wa Léopoldville. Wote waliitwa watumishi wa Afrika. Lililoamuliwa kwa ajili ya Kongo, hapa pia lilifika.

Mwanzoni mwa mwaka 1960 wakuu wa Brussels na viongozi wa Kongo walikubaliana kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni. Muda uliobaki ulikuwa miezi mitano. Katika vyeo vya juu vya utumishi wa serikali, vilivyokuwa zaidi ya 4,600, Wakongo walikuwa 3. Katika Force Publique, yenye askari zaidi ya 20,000, hapakuwa na afisa hata mmoja wa Kikongo. Kwa miezi mitano hiyo mtu angetazamia sheria za kufundisha na kupandisha vyeo. Bunge la Ubelgiji lilitunga, tarehe 21 Machi 1960, sheria ya kuwaingiza watumishi wa Afrika katika utumishi wa Ubelgiji ikiwa hawataweza kuendelea na kazi zao. Tarehe 16 Juni 1960, wiki mbili kabla ya uhuru, likatunga nyingine, iliyoweka chini ya dhamana ya dola ya Ubelgiji vyombo vya hifadhi ya jamii vya waajiriwa wa Kongo na wa Ruanda-Urundi. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Julai 1961, ikaja sheria ya tatu ya kuwafaa watumishi hao.

Katika jambo moja Wabelgiji waliwashinda Waingereza kwa uungwana: mzigo wa watumishi wao waliubeba kwa hazina yao. Lakini mpango wa Kiingereza, kwa mafungu yake, ulimvuta afisa abaki kidogo; wa Kibelgiji ulimhakikishia kwamba akiondoka leo usiku hatapoteza kitu. Siku mbaya ilipofika, tofauti hiyo ilionekana.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 5 Julai 1960. Askari wa Force Publique walikuwa wamelinda sherehe za uhuru, wamewaona makarani wa jana wakiwa mawaziri na wabunge wakijipangia posho, na wao bado wana koplo wao, sajini wao na maafisa wao wale wale wa Kibelgiji. Jenerali Émile Janssens, kamanda wao, aliwakusanya Léopoldville, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Kama kamanda alitaka kuonyesha kwamba nidhamu haibadiliki, alichagua maneno mabaya kuliko yote. Jioni ile kambi ya mji mkuu ilichafuka, na kambi ya Thysville ikaasi. Siku ya pili Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliwapandisha askari wote cheo kimoja. Tarehe 8 Victor Lundula akafanywa mkuu wa jeshi. Dawa ilikuja baada ya nyumba kuanza kuungua.

Kisha watumishi wa Kibelgiji wakaondoka kwa maelfu. Wengi walikuwa na hofu ya kweli, maana palitokea mauaji na ubakaji, na si haki kuyaficha. Lakini hofu peke yake haimtoi hakimu au mkuu wa posta katika mji uliokuwa shwari. Mtu aliyekuwa na sheria ya tarehe 21 Machi mfukoni alijua kwamba huko Brussels kuna meza na kiti vinamngoja. Mkataba wa urafiki uliotiwa saini tarehe 29 Juni, ambao ulitazamia kwamba watumishi hao watabaki kuisaidia Kongo, haukuthibitishwa kamwe. Mahakama, forodha, hospitali na vituo vya redio vikabaki wiki nzima nzima bila wenye kuviendesha.

Kutoka Usumbura hadi mpaka wa Kongo ni safari fupi ya gari, na wakimbizi wa Kizungu walipita hapa. Somo liliingia. Jeshi la Kongo halikuweza tena kuwa jeshi la Ruanda-Urundi, na mwaka ule ule wa 1960 likaanza kuundwa jeshi la wenyeji, Garde Territoriale. Vijana wachache walipelekwa Brussels kusomea uofisa. Miongoni mwao alikuwamo Michel Micombero, ambaye baadaye angeitawala nchi hii kwa miaka kumi. Azimio la Umoja wa Mataifa nambari 1746, la tarehe 27 Juni 1962, lilimaliza udhamini wa Ubelgiji kuanzia tarehe 1 Julai na kutaka majeshi yake yawe yameondoka ifikapo tarehe 1 Agosti. Hapakuwa na mkimbio kama wa Kongo. Baadhi ya Wabelgiji waliendelea na kazi zao za jana, sasa kwa jina la msaada wa ufundi.

Lakini jambo la mshahara na cheo cha askari mwenyeji lilikuwa halijamalizika katika Afrika ya Mashariki, na Januari 1964 lilijitokeza mara mbili katika muda wa siku nane.

Kwanza Unguja. Kisiwa kilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Polisi wengi wa kisiwa hicho walikuwa watu wa bara, kutoka Tanganyika, Kenya na Nyasaland, walioandikwa na Mwingereza. Serikali mpya haikuwaamini, ikaanza kuwaachisha kazi. Mtu anaweza kuuelewa wasiwasi wa serikali hiyo. Lakini kumvua polisi sare bila kumpa njia ya kurudi kwao ni jambo la hatari kuliko kumwacha nayo. Wengi wao walibaki pale pale kisiwani, hawana kazi, wanayajua maghala ya silaha, milango yake na saa za kubadilishana lindo. Alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964 waliomfuata John Okello waliivamia bohari ya silaha ya polisi ya Ziwani, na polisi walioachishwa walikuwa miongoni mwao. Serikali ilianguka siku hiyo hiyo. Kisiwa kilikuwa na mafarakano makubwa zaidi ya hilo, ya vyama, ya ardhi na ya kabila, na mapinduzi yale hayakuletwa na nauli za polisi. Lakini gharama ya kuwasafirisha hadi Dar es Salaam, kwa jahazi, haikuwa kubwa.

Kisha Dar es Salaam. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliwakamata maafisa wao wa Kiingereza. Walikuwa na madai mawili. La kwanza, mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260. La pili, maafisa wa Kiingereza waondoke. Polisi walikuwa wamepata mkuu Mwafrika, Elangwa Shaidi, tangu mwaka 1962. Jeshi, miaka miwili baada ya uhuru, lilikuwa bado chini ya Brigedia Sholto Douglas. Tabora ikafuata tarehe 21, Jinja ya Uganda tarehe 23, Lanet ya Kenya tarehe 24. Na tarehe 25 serikali ya Tanganyika ililazimika kuwaita wanamaji wa Kiingereza kutoka manowari ya Centaur kuja kuwanyang'anya silaha askari wake wenyewe. Lilikuwa jambo la aibu, na Mwalimu Nyerere hakulificha. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, chini ya afisa mwenyeji, Mirisho Sarakikya.

Uasi ni uasi, na askari aliyemgeuzia mkuu wake bunduki hana utetezi mbele ya sheria ya jeshi lolote. Hata hivyo hesabu za mwaka 1961 zingali zinasomeka. Katika hesabu hizo fidia ya afisa wa ng'ambo ilikuwa na fungu lake, mkopo wake na ratiba yake ya malipo. Shilingi 105 za askari wa lindo hazikuwa zimeguswa.

Kwa upande wa Burundi, tofauti kubwa ilifichwa katika neno moja la sheria ya kikoloni. Wabelgiji waliwaita watu wa aina ya kwanza waajiriwa, na hao walikuwa hasa Wazungu. Wa aina ya pili waliitwa wafanyakazi, na hao walikuwa Waafrika. Pensheni ya wafanyakazi ilianzishwa kwa dekreti ya tarehe 6 Juni 1956. Dhamana iliyotolewa na Ubelgiji tarehe 16 Juni 1960 iliwahusu waajiriwa. Wafanyakazi waliachiwa nchi zao mpya, na Burundi iliunda chombo chake cha hifadhi ya jamii, INSS, katika mwaka ule ule wa uhuru.

Dhamana ile ya 1960 haijakoma hadi leo. Ofisi iliyoisimamia ilibadilishwa jina mara kadhaa, na tangu mwaka 2017 kazi zake ziko katika ofisi kuu ya hifadhi ya jamii huko Brussels. Mbelgiji aliyekuja Usumbura akiwa kijana wa kazi, ikiwa bado yu hai, ni mzee wa miaka themanini na zaidi, na malipo yake humfikia kwa yuro, kwa tarehe yake. Mlinzi aliyemfungulia lango la ofisi kila asubuhi, aliyeshuka kwa miguu kutoka Buyenzi, ikiwa alichangia chini ya dekreti ya 1956, haki yake hutazamwa kwa sheria za Burundi na huhesabiwa kwa franka ya Burundi.